Bafle ya Aimée

Likasi, njia ya Kakontwe
tarehe 9 mwezi wa saba 1995

Mupendwa shemeji Kazadi,

Jambo sana, weye na dada yangu Albertine na batoto. Mwili iko namna gani? Kule Mwene-Ditu munapata unga muzuri? Huku tuko bazima. Bibi yangu Bibiane anauzisha mikate ku soko, kazini kwetu banatupa maneno tu, mushahara hapana.

Shemeji, ikala kwanza. Iko kintu nataka kukuambia.

Ile mwaka balifukuza nyinyi Bakasai huku kwetu, mulilala ku gare wiki saba, mukingoja train. Ulinipa funguo ya nyumba. Kisha nilikuandikia ati bezi balivunja mulango, balibeba bafle, ile sanduku ya kutoa sauti yenye ulitengeneza na mbao ya muninga, kwa communion ya kwanza ya mutoto wenu Aimée. Nilisema uongo. Mwizi ni minye mwenyewe.

Ampli yangu, mashini ya kukuza sauti, iko na nafasi ya bafle tatu, na nilikuwa na mbili tu. Tukiangalia video, muziki ilijaza nyumba, lakini maneno ya bantu ilizama. Nikafikiri ile yenu. Nikaibeba muchana, ku kichwa, nikisalimia bantu njiani, na nyinyi mungali ku gare. Nikaiweka katikati, chini ya televizio. Maneno ikatoka wazi, sawa vile muntu anaikala na weye mu salon. Majirani bote bakakuja kusikia.

Nyuma yake uliandika na crayon: «Ya Aimée. Papa.» Nikageuza maandiko ku ukuta.

Mwezi wa tano, mutoto wetu, jina lake Mimi, naye alifanya communion. Akipanga salon, akasoma. Akaniuliza mbele ya bageni: «Papa, Aimée alitupa hii?»

Nikasema ndiyo.

Bibiane akacheka vibaya: «Mwambie basi alikupa siku gani, weye muntu wa Mungu!»

 Bafle yako tu ndiyo ilikuwa inasema.

Nimeitoa, nitaileta kwenu. Mutoto Mimi analalamika ati bantu ba video banasema sawa bamefungiwa mu chumba. Alalamike. Sitaituma na muntu. Train ikitembea, nitapanda minye mwenyewe, nayo ku magoti, hata siku kumi.

Usikuje kunipokea. Leka nitoke ku gare na miguu, nayo ku kichwa, maandiko mbele, bantu basome. Aimée afungue mulango yeye mwenyewe. Akikataa kunisalimia, nitaiacha pale chini, nitarudi.

Salimia Albertine, Guy, na mama Élisabeth. Mungu alinde mulango wenu.

Ni minye shemeji yako, ningali nakupenda,
Étienne