Babu wa Irving

Mjukuu wangu Faraji,

Shikamoo yako imefika, ingawa kwa miaka yangu kumi na saba naona haya kuitikia marahaba. Lakini babu yako ni kaka yangu, basi na mimi ni babu. Hapa Irving, huku ughaibuni, tu wazima.

Umeniuliza kama anayejitahidi sana lazima ashinde. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa rafiki yangu Bishal, Mnepali. Kaka yake ni kipa huko kwao, na klabu yake ilikuwa kwenye kombe la vilabu vya nchi zinazochipukia kisoka barani Asia. Alikuwa ameapa kwamba wakitolewa ataacha mpira. Tukatazama kwenye simu. Licha ya jitihada zake zote, walifungwa dakika ya mwisho, wakatolewa. Kipa akalala golini bila kuinuka.

"Babu! Babu!" mama yao, aliyekuwa akitazama nasi, akalia.

"Naam, mama," nikaitika na kusimama, nikidhani ananiita mimi.

Bishal akanivuta shati. "Si wewe. Kwetu babu ni mtoto wa kiume."

Nikaketi kwa aibu. Mama aliendelea kuita, kana kwamba mwanawe angemsikia kupitia kioo cha simu.

La, Faraji, si lazima. Natamani ungemwuliza babu mwenye mvi.

Babu yako mdogo,
Idi