Kaka Yangu Anataka Nimnyime Mwali Wangu Radhi

Mpendwa Anti Sabiha,

Naomba unisaidie, tena naomba usiisome barua hii mbio mbio, maana ukiisoma mbio utaiona ya siasa, na mimi si mtu wa siasa, mimi ni somo, kungwi wa wasichana. Nimewaweka ndani wasichana wengi wa kijiji chetu, nimewafunza usafi, nimewafunza kukaa na mume na kukaa na wakwe na kufunga mdomo panapotakiwa kufungwa, na hadi leo wakinikuta njiani wanapiga goti, hata wale walioota mvi. Kijiji sikitaji, kiko huku pwani ukishapita Bagamoyo, na majina yote nimeyabadili, lakini wenyewe wakisoma watajijua na potelea mbali, yamenifika shingoni.

Katika wali wangu wote, hao wasichana niliowafunza, yupo mmoja ninayempenda kama niliyemzaa, tumwite Shufaa. Mama yake alifariki yeye mdogo, kwa hiyo nilikuwa somo yake nikawa mama yake pia, na tangu aolewe hajakosa Ijumaa hata moja kuja kuniamkia, anavua viatu mlangoni, "shikamoo somo", ameshika bakuli la pweza au kitoweo chochote alichojaliwa, tunakula, tunacheka, anarudi kwake. Wewe Anti ni mtu wa pwani, unajua, mwali hafanyi jambo kubwa bila kumuaga somo yake, akisafiri anaaga, akijenga anaaga, na somo akisema hapana ni hapana, kwa sababu ukikosa radhi za somo yako utaishi na hofu moyoni mpaka unaingia kaburini. Mimi sijamnyima mtu radhi maisha yangu yote. Hata kumtishia mtu kwa radhi sijawahi.

Sasa mwezi uliopita niko soko la samaki Bagamoyo, natafuta changu wa kukaanga, bibi mmoja muuzaji anaitwa Mwanahija akapaza sauti mbele za watu, "Hongera somo! Mwali wako anakitaka kiti cha kaka yako!" Nikacheka, nikajitia najua. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinajua isipokuwa mimi, Shufaa amechukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti aliyepo ni kaka yangu wa tumbo moja, tumwite Bwanaheri. Wallahi Anti nilihisi nimezabwa kibao, changu mwenyewe sikununua, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Na tangu siku hiyo Shufaa haji, au niseme anakuja saa anayojua niko darsani, nikirudi nakuta bakuli limefunikwa na sahani pale kizingitini, yeye hayupo.

Nikueleze habari za kaka yangu. Si mtu mbaya, baba alipokufa yeye ndiye aliyenitunza, na mume wangu alipokufa yeye ndiye aliyenirudisha kwenye nyumba ya baba ninayokaa sasa, lakini hicho kiti kimemharibu. Kijiji amekigawa. Bomba la maji wanaanza kuchota watu wake, wengine wanasubiri mpaka maji yanakuwa uzi. Kikundi cha wanaume wavuvi kilipata mashine za boti kutoka kwa wageni wa nchi moja ya Mashariki, basi bendera yao akaitundika ofisini, jioni wanakaa kwenye kahawa wanamsifu rais wa watu ambaye hata lugha yake hawaijui, na ukimsifu rais mwingine hupewi kikombe. Kina Shufaa wanaolima mwani nao walipata vichanja vya kuanikia kutoka shirika la Ulaya, halafu wakaitwa semina mjini Bagamoyo ya wanawake na uongozi. Hapo ndipo kaka alipopata la kusema, ati huko wamelishwa sumu, ati Magharibi wanataka wanawake wawakalie wanaume vichwani na baadaye watawaletea mambo ambayo mdomo wangu hauwezi kuyatamka. Kisha kule Ulaya serikali ikabadilika, shirika likafunga virago, na kaka akasimama kwenye mkutano wa kijiji akacheka, "Mnaona marafiki zenu walivyowatupa? Nchi ziko rafiki na ziko adui, na wanawake ni hivyo hivyo." Shufaa akainuka, mtandio kichwani, sauti ya chini kabisa, akauliza, "Mwenyekiti, bomba ni la kijiji au la nchi rafiki?" Watu wakapiga makofi. Nadhani fomu aliichukua kwa ajili ya yale makofi. Na maulidi ya mwaka huu, Anti, tulipika pilau kwenye meko mawili, upande wa mwenyekiti na upande wa kina Shufaa, kijiji kimoja, Mtume mmoja, masufuria mbali mbali. Nililia kwa moshi na nililia kwa uchungu.

Juzi baada ya alasiri kaka kanijia na wazee wawili, wamebeba doti ya kanga na sukari kama wamekuja kuposa, nyuma yao yumo Twalib, mume wa Shufaa, anatembea kama anayepelekwa polisi. Kaka akasema, "Dada, huyu mwali wako hasikii la mtu. Wazee wamesema, imamu amesema, hasikii. Limebaki neno lako. Muite ndani, mkalishe mkekani kama zamani, umwambie akirudisha ile fomu radhi zako hana." Nikamtazama Twalib. Nikamuuliza, "Baba, wewe unasemaje?" Akainamia mkeka. "Somo, mimi aliniomba ruhusa nikampa. Na bado nimempa." Kaka akamrukia, "Wewe umeshikwa, umekaliwa!" Twalib akaweka kikombe chini, kahawa hajaionja, akaniaga kwa adabu akatoka. Kaka akanigeukia mimi. Akasema Jumatatu ni mwisho wa kurudisha fomu, nisipomkataza Shufaa kabla ya hapo nisihesabu kuwa nina kaka, na siku nikifa atakuwa msibani kama jirani, kaburini hataingia kunipokea. Anti, sina mwingine. Wazazi wamekwenda, mume amekwenda, mtoto Mungu hakunipa.

Na mimi mwenyewe nikuambie kweli, hizi haki haki za siku hizi sizielewi vizuri. Nimefunza wanawake maisha yangu yote kwamba mwanamume ndiye anayetangulia, leo niseme nini? Kuna saa naona kaka ana haki, mwanamke kusimama mbele ya wanaume wazima kuwapangia si mila yetu. Kuna saa nasikia ndoo zinagombana pale bombani nasema heri hata angekaa Shufaa. Na kuna saa, Mungu anisamehe, nasema nimkataze tu, kwa kuwa amenidharau, kamuaga mume, kawaaga wenzake wa mwani, mimi kaniruka. Kanga za kaka ziko kitandani sijazifungua. Nimuite au nisimuite? Nijibu mapema, Jumatatu si mbali.

Mimi somo niliyekabwa koo,
Wilaya ya Bagamoyo.

ANTI SABIHA ANAJIBU

Shikamoo somo. Nimekuamkia mapema kwa sababu maneno yanayofuata hayana adabu sana.

Umebanwa, na nimekuonea huruma. Mtu akikutishia kaburi lako ungali hai, amekufika pabaya, na kaka yako anajua hivyo ndiyo maana akalisema. Lakini hebu tukae sawa. Umeniandikia barua ndefu, na sijaona mahali hata pamoja uliposema Shufaa hafai. Umesema amekukosea. Umesema mila. Umesema haki huzielewi. Kwamba hafai kuongoza, hukusema. Ulichosema ni kwamba ukisikia ndoo zinagombana unatamani angekuwa yeye. Kwa hiyo usinidanganye mimi, na usijidanganye wewe.

Sasa mila. Wewe ndiye mwenye mila hapo, si kaka yako, na nakushangaa kumuachia mwanamume akufundishe kazi yako. Ulimfunza Shufaa kumheshimu mume. Haya, mume amesema nini? Amesema mbele ya wazee, mbele ya mwenyekiti, kwa mdomo wake, kwamba ameruhusu, tena akarudia. Mwali wako alipita mlango ule ule uliomfunza kupita. Khaa! Sasa anayelalamika ni mume wa nani? Bwanaheri anataka kiti chake, na ameona njia ya mkato inapita kwenye mkeka wako. Mambo ya ndani, unayowafunza wasichana mlango umefungwa, anataka ayatumie kwenye kampeni. Angekuja mgombea mwingine kukuazima mkeka huo ungemtimua kwa ufagio.

Na haya mambo ya Mashariki na Magharibi, jamani. Wanaume wamepewa mashine za boti na wageni, wakapewa na bendera, hakuna aliyesema wamelishwa sumu. Wanawake wamepewa vichanja vya mwani na semina, wamekuwa majasusi. Simtetei mfadhili yeyote. Hao wa Ulaya wameondoka na hawakuaga, na hao wa Mashariki siku watakapoondoka nao hawataaga. Wakishaondoka wote mtabaki ninyi na bomba lenu. Nani achote kwanza, hilo mnalipanga wenyewe.

Kama unaamini mwanamke asiongoze kijiji, hiyo ni imani yako na sikunyang'anyi. Wapo wanaoamini hivyo, wapo wasioamini, na wote wanaswali. Siku ya kura nenda kampe umtakaye, mpe hata kaka yako, hakuna atakayekuuliza. Lakini hapo una kura moja, somo. Ukimuita Shufaa ndani ukamtisha kwa radhi umewapigia kura zao watu wa kijiji kizima, wanaomtaka na wasiomtaka, na wao hawajakutuma.

Kaka yako mwite leo. Peke yake, bila wazee wake. Mtilie chai, mrudishie kanga zake na sukari yake, umwambie, "Mwali wangu simkatazi. Na mkeka wangu haukopeshwi." Atafoka. Muache afoke, usimjibu. Atakuambia tena habari za kaburi. Mwambie siku hiyo wewe hutakuwepo kumuona kama ameingia au hakuingia, kwa hiyo ni juu yake na Mola wake. Huyo ni mtu aliyekutunza ukiwa yatima na akakurudisha nyumbani ukiwa mjane. Hasira za uchaguzi zina mwisho, na mlango wako usiufunge, atarudi kunywa chai. Asiporudi itauma, sikufichi. Lakini usinunue undugu kwa kumvunja mtoto wa watu.

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalokuuma. Umesema Shufaa amekudharau. Somo, mwanamke huyu amewashinda wazee, amemshinda imamu, amemuuliza mwenyekiti swali mbele ya mkutano na sauti haikutetemeka. Yeye anamkimbia nani? Anakukimbia wewe. Anavizia mpaka uende darsani ndipo alete bakuli. Mwenye dharau hakuletei pweza, mama yangu, angekupita tu. Hakukuaga kwa sababu anajua mumewe akikataa wataongea, kijiji kikikataa watapiga kura, lakini wewe ukisema hapana yeye atairudisha fomu ikiwa tupu na hatasema neno. Ulimfunza vizuri mno. Katika dunia nzima, na hizo nchi rafiki na nchi adui zote, anakuogopa wewe tu.

Kwa hiyo Ijumaa hii darsani usiende, mwalimu atakuelewa. Kaa pale pale kizingitini. Atakuja na bakuli lake, atakukuta, atashtuka, atapiga goti asubiri hukumu. Mkaripie kidogo, umwambie umeumia kuyasikia sokoni kwa Mwanahija, hiyo ni haki yako na ataikubali. Usimuulize habari za kura. Usimuulize ya semina. Mpokee bakuli, muinue, na umpe radhi zako kabla hajaziomba.