Gitaa Linaloongea Sana

Kagarama, Kigali

Shikamoo Baba,

Vidole vinaendeleaje? Ganzi imepungua, au bado unamdanganya Mama kwamba umepona? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, tena nimechoshwa na jazi yenyewe niliyoifuata huku!

Hawa watu watanitia wazimu. Huko Morogoro tukishaingia kwenye chemko, wimbo ukapamba moto, gitaa langu la solo halinyamazi mpaka wachezaji watoke jasho. Hapa Rebero, kwenye hoteli tunayopigia, hakuna anayecheza. Wamekaa na glasi zao wanatikisa vichwa. Kila mpigaji ana zamu yake, akimaliza anapigiwa makofi wimbo ukiendelea. Sasa mimi ningejuaje? Ijumaa ya kwanza saksafoni ilimaliza, makofi yakalia, nikadhani wimbo umekwisha. Nikaacha kupiga, nikainama kushukuru! Wenzangu wanaendelea, wananikodolea macho. Aibu niliyopata, we acha tu.

Ijumaa iliyofuata nikaapa sinyamazi. Nikapiga mwanzo mpaka mwisho, juu ya piano, juu ya saksafoni. Kiongozi wetu, mzee aliyekulia Uganda, akanivuta pembeni. "Sha, gitaa yako iko naongea sana! Wenzako watasema saa ngapi? Ukirudia Ijumaa ijayo, natafuta mwingine." Yaani nikinyamaza kosa, nikipiga kosa! Nililia kwa hasira.

Jana kwenye mazoezi akamleta mpiga gitaa mmoja mtu mzima kutoka Kabuga, ili nimtazame. Anagusa nyuzi kidogo, ananyamaza, anaisikiliza piano, anajibu kidogo. Basi piano yote ikawa tamu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mkono ule naujua. Ni wako, Baba! Ndivyo ulivyopiga rithimu nyuma ya waimbaji, ukiniambia, "Mwanangu, waache watu wapumue." Mbona hukuninyang'anya solo tangu mapema?

Nisaidie. Mama akushikie simu, unirekodie rithimu yako, niifuate mpaka nijue pa kunyamaza. Najua umelitundika gitaa tangu mkono ulipoingia ganzi, na hutaki litajwe mbele yako. Mimi nimelitaja, ukitaka ukasirike.

Nisalimie Mama, na Shangazi fundi cherehani. Mwambie gauni alilonishonea ndicho kitu pekee ambacho hakijalalamikiwa na mtu hapa. Kaka naye aache kuazimisha spika yangu.

Vidole vikigoma kabisa, Baba, gonga meza. Hata kwenye meza nitaujua mkono wako.

Binti yako msumbufu,
Mwanaidi