Darasa la Nyuma ya Ukuta

Nyumbani kwa Fundi na Kinyozi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Bibi, bado anaficha dawa chini ya mto? Mimi ni mzima wa afya, tena nimenenepa hadi mkanda umeomba tundu jipya.

Najua neno "kujitolea" bado linakukwama kooni, na majirani umewaambia nimeajiriwa ualimu huku ugenini. Endelea tu, Mjomba, sitakuumbua.

Wenyeji wangu ni mume na mke. Baba ni kinyozi, mpole sana, maneno yake yote huwamalizia wateja. Mama ni fundi cherehani, na humu ndani amri ni yake. Chumba chake cha kushonea kimepakana na kile ninachofundishia watoto wa mtaa Kiingereza, tumetenganishwa na ukuta wa mbao tu.

Mwanzoni niliona kwamba nikianza kufundisha, cherehani inanyamaza. Nikadhani kelele zetu zinamkera, basi nikawa nafundisha kwa kunong'ona. Haikupita wiki akanijia juu, akaniuliza kama nimemeza pamba. Nikairudisha sauti yangu, bila kuelewa kitu.

Sasa sikia kinachomuuma. Binti yao ameolewa mbali, ana mtoto wa miaka minne asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza. Kila Jumapili wanapigiana simu ya video. Bibi mtu akianza kumbembeleza kwa lugha yake, mtoto humtazama kama tangazo la sabuni, kisha huyo, anakwenda zake. Fundi hucheka, akasema watoto ndivyo walivyo, lakini siku hiyo chakula hakimpiti kooni. Nilijaribu kumshawishi nimfundishe, akanikatalia katakata.

"Mimi na mvi hizi nikabanane dawati moja na watoto niliowashonea kaptula?"

Jumapili iliyopita simu ikapigwa kama kawaida. Mtoto alikuwa anatafuna biskuti, na keshageuka kuondoka. Mara fundi akanyoosha mgongo, akagonga meza kwa rula yake, akakohoa kikohozi changu hasa, na Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba. Nakutafsiria: "Hamjambo, wanafunzi. Kaeni chini. Wewe wa nyuma, unatafuna nini?"

Mjomba, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe ndivyo ninavyosikika! Mtoto alikaa chini papo hapo, akatoa biskuti mdomoni, akajibu, "Sijambo, mwalimu." Binti mtu alicheka mpaka simu ikamponyoka. Mimi nikafungua mdomo kumsahihisha fundi, Kinyozi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Tangu hapo mtoto mwenyewe ndiye anayedai simu, na amewapanga wanasesere wake mbele ya kioo cha simu wawe darasa. Lakini Jumatano fundi alinijia uso umemshuka. Alisema amri zote anazijua, ila kuna jambo anataka kumwambia mjukuu wake na hajawahi kulisikia likipita ukutani. Alitaka kumwambia kwamba anampenda.

Niliona aibu. Muda wote huu nafundisha kalamu, dirisha na nyamaza. Nikamwambia ni maneno machache tu, nimpe palepale sebuleni. Hakutaka kusikia. Alitaka nifundishe darasani, tena kwa sauti, maana yeye si mwanafunzi wa mtu. Basi kesho yake nilifundisha uso nimeuelekeza ukutani, watoto wakiitikia huku wanafinyana kwa vicheko. Upande wa pili cherehani ilikuwa kimya kabisa.

Leo mchana simu imepigwa. Fundi amegonga meza, akawanyamazisha wanasesere wote, akamkazia mjukuu macho na kutamka kwa ukali wangu uleule:

"Nakupenda. Haya, nifuatishe."

Mtoto akafuatisha.

"Sikusikia. Kwa sauti."

Mtoto akapaza sauti. Fundi akamrudisha tena na tena, huku machozi yanamtiririka na rula iko juu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba somo limekwisha.

Nisalimie Bibi, mkeo na mapacha wenu watundu. Mola akupe goti jepesi na usingizi mzito.

Mpwa wako akupendaye daima,
Msumari