Mzee Tatu Akifungua Mnada

Jumatatu, 3 Machi

Nimepasi tena, nimepitisha zamu bila kunadi. Shupaza tano nzuri mkononi, ree mbili — nimepasi!

Ni yule wakili mstaafu tunayemwita Mzee Tatu. Kwenye bridji, karata za wawili kwa wawili, kila upande unanadi: tutakula mikono mingapi kati ya kumi na mitatu, turufu iwe rangi gani. Watu wastaarabu huanzia moja, yaani mikono sita na mmoja juu yake, wakapanda polepole, wakasikilizana. Yeye akipata kopa saba dhaifu anaruka moja kwa moja: tatu kopa! Nguvu hana. Anatuziba mdomo tu. Nami hufyata mkia kila mara.

Baba mkwe, mwenzangu mezani, hakukasirika. Kutoka klabuni hadi nyumbani alinishika mkono, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Tangu kiharusi, mwaka wa pili huu, maneno yamemkimbia. Akitaka maji anasema "ndiyo, ndiyo" na kuonyesha kidole. Lakini bridji hunadiwa kwa vikadi, kimyakimya. Pale mezani hapungukiwi na kitu. Mpima ardhi yule yule wa zamani. Nashukuru sana kuna mchezo wa namna hii duniani.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kutoka duka la miwani macho mekundu — lenzi kumi na nane leo, kusaga tu. Nikamkuta baba ameshapanga karata kwenye meza ya jikoni. Mume wangu yuko zamu, tuko wawili. Somo!

Ananigawia karata, anaweka kikadi cha tatu kopa kwa niaba ya adui, ananitazama. Napasi. Anatikisa kichwa, ananiwekea kikadi cha dabo, kile cha kuongeza dau maradufu. Anagawa upya. Tena. Tena. Kwenye mgao wa sita nikaelewa. Nikiwa na rangi yangu ndefu, karata tano au zaidi, niitaje. Sina? Basi dabo. Na dabo hapa si kumwadhibu mtu. Ni kumwambia mwenzako: nina nguvu, kopa ndiyo sina, chagua wewe rangi nyingine, nitakubeba.

"Na nikikosea, baba?"

Akakusanya vikadi vyangu vyote vya pasi, akavikalia! Nimecheka mpaka chai ikamwagika.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi kapita dukani. Hakukaa hata kidogo. Eti namtembeza baba yake kama maonyesho, watu wanamwonea huruma, mzee wa watu aachwe apumzike. Mashindano ya tarehe 22 atakuja mwenyewe aone. Ikiwa ni aibu, basi habari ya klabu imekwisha.

Nikaendelea kusaga lenzi. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na uchungu wa mzazi je? Yeye ndiye bintiye wa pekee, anaumia kwa namna yake.

Ila nimekumbuka. Mimba ya tatu ilipoharibika, ukoo ulikaa kikao sebuleni kunijadili. Baba, enzi hizo sauti yake inatikisa vioo, akasema: "Huyu ni binti yangu. Mwenye neno jingine akalisemee nje." Kikao kikaishia hapo. Sijawahi kumshukuru kwa mdomo. Ningeanzia wapi?

Alhamisi, 13 Machi

Nimetia dabo! Mzee Tatu kafungua tatu uru, nami dabo. Baba akajibu nne shupaza, akala mikono kumi aliyoahidi. Mzee Tatu kashangaa: binti, nani kakuotesha meno? Nikamwonyesha mwalimu wangu. Mwalimu akainamisha kichwa kama bwana harusi.

Asante, Mungu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye benchi la korido, daftari magotini. Bado sijaamini.

Meza ya mwisho, Mzee Tatu. Akaruka hadi NNE kopa — leo hata tatu haikumtosha! Zamu ya baba. Mkono wa kulia haufanyi kazi, wa kushoto ukapapasa vikadi. Kimoja kikadondoka. Akaanza upya. Watu wanakohoa. Mwishowe: dabo. Mwenzake Mzee Tatu akapasi, macho yote kwangu. Nina shupaza nne ndogondogo na mfalme wa uru, basi. Kupasi ndiyo rahisi, nikae nitulie.

Nikatoa nne shupaza.

Baba akalaza karata zake wazi mezani nimchezee. Shupaza nne, ree na mfalme humo humo! Nimekula mikono kumi. Kumi kamili!

Ndipo Mzee Tatu, kwa adabu zake zote, akamwita mwamuzi. Eti baba alikawia mno kunadi, na kukawia ni kunipa ishara. "Sheria ni sheria, binti yangu." Mwamuzi akasema adui akiruka kila mtu hungoja kidogo, lakini huku kulizidi. Akaingia ofisini kufikiri. Akitufutia matokeo, tumeshika mkia — na wifi yuko hapa hapa.

Alisimama nyuma yangu muda wote. Akaniuliza polepole: ile dabo, baba kaifikiria mwenyewe? Ndiyo, wifi. Na wewe ukamwelewa? Ndiyo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniambia asante. Neno moja tu, huku anatazama ukutani. Miaka kumi na moja katika familia hii, sijalisikia kwake. Mwamuzi aamue atakavyo, mimi leo nimeshiba.

Sasa wifi kaingia ofisini bila kuitwa! Namsikia hadi hapa: "Baba yangu hakusita! Ni mkono! Akili yake inawapita nyote humu!" Mzee Tatu anajaribu kusema kitu, hapati nafasi.

Baba hapa kando yangu mabega yanatikisika kwa kicheko, machozi yanamtoka. Anagonga goti langu, anaonyesha mlango wa ofisi. Twende. Mwamuzi katoa kichwa nje, anatuita sote —