Wazazi Wanaingia Ukumbini

Makambako,
10 Juni 2024

Baba Jasmine,

Salamu. Natumaini hujambo, na kwamba goti linaivumilia baridi ya Juni. Sisi huku tu wazima. Biashara ya mahindi inakwenda vizuri, ingawa najua hukuniuliza.

Nakuandikia kwa sababu Jasmine ametukataza kupigiana simu. Anasema tangu tutengane hatujawahi kumaliza mazungumzo bila mmoja kumkatia mwenzake, na kwamba barua angalau mtu huisoma mpaka mwisho. Elius, dereva wa Kosta ya Njombe, atazipeleka na kuzirudisha.

Sherehe ya kumuaga binti yangu itafanyika hapa tarehe 3 Agosti. Wakwe watatoka Tandala, na ukoo wa mchumba wake Rodrick ni mkubwa. Jasmine atakuwa ameketi tayari meza kuu. Anataka wazazi wake waingie ukumbini pamoja, wakicheza, kutoka mlangoni hadi alipo yeye. Hataki muziki wa spika. Amemchukua Benno na ngoma yake, na kina mama wa kwaya yetu wataimba.

Wewe huwezi kucheza. Hilo tunalijua sote wawili. Nilimwambia hivyo, akasema ujaribu. Ukishindwa, mdogo wako Danford ataingia nami na kukaa kwenye kiti cha baba. Danford anacheza tangu utotoni, tena hana kiburi. Nijibu upesi, kamati inataka majina.

Mama Jasmine

*

Njombe,
13 Juni 2024

Mama Jasmine,

Barua yako nimeipokea leo asubuhi. Goti langu ni zima. Nashukuru kwa kulitaja, ingawa ulilitaja kwa dhihaka.

Kwanza, Jasmine si binti yako peke yako. Pili, kiti cha baba hukaliwa na baba. Danford ni mdogo wangu nami nampenda, lakini si yeye aliyemfundisha Jasmine kusoma, wala si yeye aliyembeba mgongoni hadi hospitali alipougua surua. Akikikalia kiti hicho mbele ya watu wa Tandala, itakuwa ni kutangaza kwamba mimi nimekufa, au kwamba nilistahili kufa.

Tatu, unasema siwezi kucheza. Nilikuwa mwalimu wa mchakamchaka na gwaride kwa muda wote wa utumishi wangu. Watoto mia tatu waliinua mguu wa kushoto kwa pamoja kwa sauti yangu. Mtu wa namna hiyo hakosi mapigo. Anachokosa ni maelezo sahihi. Niandikie hatua hizo kwa utaratibu, mguu kwa mguu, nami nitazitekeleza.

Baba Jasmine

*

Makambako,
18 Juni 2024

Baba Jasmine,

Hujambo? Huku hatujambo, ila vumbi la magunia.

Ngoma ya Benno hupiga mapigo mawili, hunyamaza kidogo, kisha huanza tena. Pigo la kwanza, mguu unatua. Pigo la pili, goti linakunjika. Ile nafasi ya kimya usiiruke: mabega yanashuka, mwili unangoja. Ndipo mguu wa pili unakwenda. Ni hayo tu. Watoto wa mtaani kwetu wanayafanya huku wanakula maandazi.

Gwaride lako halitakusaidia. Katika gwaride wewe husema na wengine hufuata. Hapa anayesema ni ngoma. Tena tatizo lako halijawahi kuwa kuchelewa. Wewe hutangulia. Miaka yote tuliyokwenda kanisani pale Njombe, ulikuwa umeshaketi na kufungua kitabu cha nyimbo wakati mimi, na mtoto mgongoni, nikiwa bado napanda kutoka bondeni. Watu walidhani mimi ni jirani yako. Ukumbini nitakuwa kando yako. Ukinitangulia hata hatua moja, nitasimama nikuache uende peke yako mpaka kwa wakwe.

Mama Jasmine

*

Njombe,
1 Julai 2024

Mama Jasmine,

Natumaini barua hii inakukuta katika hali njema. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi umekuwa haba kwa sababu ya hasira.

Maelezo yako yana kasoro. Unasema mwili unangoja. Unangoja nini, na kwa muda gani? Hukusema. Nimesogeza viti vya sebuleni, nimekunja goti, nimeshusha mabega, na hakuna kilichotokea. Nikihesabu moja, mbili, kimya, moja, mbili, kimya, kila mara najikuta mguu umeshatua kabla kimya hakijakwisha. Jirani yangu Matilda alipita dirishani, akauliza kama nimepandwa na siafu.

Jana Jasmine alikuja. Alinipigia mapigo kwa kiganja juu ya meza, nami nikatembea. Ana subira kuliko mama yake. Baada ya muda aliacha kupiga, akasema chai inapoa. Hakupiga tena mpaka alipoondoka. Natumaini hakukueleza jambo lolote la kunivunjia heshima.

Kuhusu kanisa: nilitangulia ili kuwahi. Ibada ilikuwa na saa yake.

Baba Jasmine

*

Makambako,
5 Julai 2024

Baba Jasmine,

Salamu zangu na za kamati.

Jasmine hakunieleza kitu. Aliteremka kwenye Kosta, akaingia chumbani, na jioni akampigia simu Danford kumwomba vipimo vya shati, ashonewe kitambaa kimoja na changu. Macho yalikuwa mekundu. Hakulia kwa sababu huchezi vizuri. Alilia kwa sababu itambidi akuambie, na mtoto huyu hajui kumwambia mtu jambo chungu. Nami nilikuwa hivyo zamani, kabla hujanifundisha.

Sasa nisikilize. Acha kuhesabu. Anayehesabu husikiliza sauti yake mwenyewe. Huu ni msimu wa kupura maharage, na huyo Matilda wako ana shamba. Nenda ukashike fimbo. Watu husimama pande mbili wakapokezana. Fimbo za huku zikiwa juu, za kule ziko chini. Mimi mapigo niliyapata hapo, kwetu Mlangali, kabla sijajua kusoma, na hakuna aliyenieleza neno. Fimbo yako ikienda mapema itagonga ya mwenzako, na mwenzako atakuambia. Mimi nilikuambia kwa miaka kumi na minane, ukaona ni kelele.

Kama huendi, usiniandikie tena.

Mama Jasmine

*

Njombe,
16 Julai 2024

Mama Jasmine,

Salamu. Ni mzima. Mikono ina malengelenge, nami nakuachia ufurahi.

Nimekwenda kwa Matilda juma zima. Siku ya kwanza niligonga fimbo ya kila mtu aliyesimama mbele yangu. Odilo, niliyemfundisha darasa la tatu na kumchapa kwa uchelewaji, aliniuliza mbele ya wote, “Mwalimu, hiyo fimbo yako inawahi gari gani?” Wanawake walicheka hadi kazi ikasimama. Nilitaka kuondoka. Kisha nikamfikiria Danford na shati lake, nikabaki.

Kesho yake sikuhesabu, kwa kuwa vumbi lilinizuia kufungua kinywa. Nilimtazama Odilo tu. Fimbo yake ikishuka, yangu inapanda. Nikagundua kwamba mkono unapokuwa juu kuna muda ambao si wangu. Si wa kupumzika, wala si wa kujiandaa. Ni wa Odilo. Nikiuchukua, tunagongana. Katika gwaride sikuwahi kuliona jambo hilo, maana pale kila mguu hutua kwa amri yangu. Kufikia Ijumaa hakuna aliyecheka, na Matilda alinifungia maharage ya kwenda kupika.

Kwa hiyo nimeweza. Mwambie Danford shati lake alivae kanisani. Naomba nije Makambako juma moja kabla ya sherehe, tufanye mazoezi pamoja mara moja tu, kama watu wazima.

Baba Jasmine

*

Makambako,
24 Julai 2024

Baba Jasmine,

Salamu. Jasmine amefurahi. Kiti ni chako, jina limeandikwa.

Kufanya mazoezi na wewe, hapana. Niliyoyafanya pamoja nawe yanatosha. Ulisema mke wa mwalimu hafungui duka la nafaka mjini kama mchuuzi. Duka hilo ndilo litakalowalisha wageni siku hiyo, pamoja na wewe, na sina nafasi ya kulifunga ili nikufundishe kutembea.

Vaa suti nyeusi. Simama kushoto kwangu. Usinishike mkono, wala usinitazame, tazama mbele. Kama kwa Matilda ulijifunza kweli, hutanihitaji.

Mama Jasmine

*

Njombe,
7 Agosti 2024

Mama Jasmine,

Natumaini umepumzika baada ya shughuli. Mimi nimerudi salama, na nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Sikukusudia kuandika, lakini ya haki hayana budi kusemwa. Mshereheshaji alipotangaza kwamba wazazi wanaingia, niliisikia ngoma, nikauacha mwili ungoje, nikaenda. Kutoka mlangoni hadi meza kuu sikukosea. Danford alinipa mkono mbele ya watu. Baba yake Rodrick aliniambia hajapata kuona mwalimu mwenye mwili mwepesi kama wangu.

Wewe, kwa upande wako, ulikosea. Sikukutazama, kama ulivyoagiza, lakini masikio ninayo. Tulipoipita meza ya ndugu zako nilimsikia mmoja akisema, “Mama Jasmine leo ameachwa na ngoma.” Ndiwe uliyeyapata mapigo Mlangali kabla ya kusoma, ndiwe unayemfundisha kila mtu. Sisemi haya kwa kukucheka. Nasema ili siku nyingine mtu akikuomba mazoezi, ukubali.

Baba Jasmine

*

Makambako,
12 Agosti 2024

Baba Jasmine,

Sikuulizi hali. Barua yako imeshanionyesha kwamba u mzima kupita kiasi.

Ulipotea hatua chache tu kutoka mlangoni. Vigelegele vilipoanza, ulimsahau Odilo na fimbo yake, ukarudi kwenye gwaride. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, na ngoma iko kwingine. Nilikuwa na njia mbili. Ningebaki na ngoma, ukumbi mzima ungeona tofauti yetu, na watu wa Tandala wangepata cha kusimulia njia nzima ya kurudi kwao. Jasmine angekaa pale mbele akiwa amevaa ile aibu aliyoiogopa tangu siku alipokupigia meza. Au ningeiacha ngoma, nikufuate wewe.

Niliiacha. Nilitazama viatu vyako na kila ulipoweka mguu nikaweka wangu, mzito kama wako. Wawili wakikosea sawasawa, watu hudhani ndiyo mtindo wao. Sijui kama unaweza kuelewa ni kazi gani, kwa mtu anayesikia, kukanyaga mahali pasipo na pigo. Ni kama kumeza mfupa ukiwa unatabasamu. Baadaye Benno naye aliiacha ile nafasi ya kimya, akatufuata, Mungu ambariki, ndipo tukafika.

Aliyesema nimeachwa na ngoma ni dada yangu Anyisile. Mimi wananijua, kwa hiyo waliona. Kwako hakuna aliyetazamia kitu, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Na pongezi za mkwe ni adabu, si ushahidi. Tangu siku ile kina mama wa kwaya wananiuliza kama nina malaria.

Sikufanya kwa ajili yako. Ingekuwa ni wewe tu, ningesimama kama nilivyoahidi. Jasmine hajui, nami sitamwambia. Lakini wewe ujue ni nani aliyekukalisha kwenye kiti kile.

Mama Jasmine

*

Njombe,
2 Septemba 2024

Mama Jasmine,

Natumaini malaria uliyosingiziwa imekwisha. Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa.

Rodrick alileta video ya sherehe. Nilimwomba aniwashie, kisha anipishe. Nimeitazama ile sehemu ya mlangoni mara nyingi. Uliyoyaandika ni kweli. Miguu yangu inaitangulia ngoma, na yako inaonekana ikitoka kwenye ngoma na kuja kwangu. Mtu aliyewahi kupura maharage hawezi kukosa kuiona.

Sikushukuru, kwa sababu umesema hukunifanyia mimi.

Jumamosi nilipanda Kosta nikaja Makambako. Hukuniona kwa kuwa sikupita dukani kwako. Nilikwenda kwenye duka la dawa anakofanya kazi Jasmine, nikamweleza mwenyewe kwamba nilipotea, kwamba mama yake aliiacha ngoma akanifuata, na kwamba kama anaona nilikikalia kiti kwa udanganyifu, basi siku ya harusi Danford ndiye amwingize kanisani. Nilisema nikiwa nimesimama, mbele ya mteja mmoja.

Alicheka. Alicheka hadi ikambidi aketi. Kisha akasema, “Kwani baba, unadhani Benno alikonyezwa na nani?”

Alituona sote wawili tangu mlangoni. Aliona miguu yangu, akaona na yako ilivyohama, ndipo akampa Benno ishara aiache njia yake na kuifuata ya kwetu. Wewe ulinifuata mimi, na ngoma ilikufuata wewe kwa sababu binti yetu aliiambia. Hayo hukuyajua, nami sikufichi furaha yangu ya kuwa wa kwanza kukueleza.

Kuhusu Danford, alisema nisimletee tena habari hizo kazini. Harusi ni tarehe 21, saa nne asubuhi, hapa Njombe. Nitamwingiza mimi.

Kwa hiyo huna tena cha kunishikia.

Baba Jasmine