Mlango wa Jikoni Nilioutilia Kopo

Mpendwa Bi Maxine, mshauri wetu wa gazetini,

Niokoe mwenzio kabla ya Jumanne, maana tangu Ijumaa chakula hakinipiti kooni, na mimi ndiye mpishi wa shule ya msingi hapa kwetu Kentucky, watoto mia mbili na kumi kila asubuhi, na mikate yangu na mchuzi wa soseji, nasema bila kujisifu, havina mpinzani kaunti nzima. Shule niliishia darasa la tisa, lakini binti yangu Kendra ndiye mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo, miaka thelathini na mbili tu, shahada zake mbili zimetundikwa sebuleni kwangu, si kwake, nilimwambia kwako zitaingia vumbi.

Sasa tangu watu wapigwe risasi shuleni kaunti ya jirani, hapa hapazungumzwi lingine. Huyu anataka mashine ya kukagua chuma, yule anataka walimu wabebe bastola, mwingine anasema tunawajengea watoto jela. Kendra wangu akasimama kwenye mkutano wa wazazi ukumbini akawaambia, "Jamani, kabla ya kununua kitu, tufunge milango tuliyonayo." Watu wote wapite mbele, wabonyeze kengele, watazamwe kwenye kamera. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Na mimi huyohuyo, Bi Maxine, kila asubuhi naweka kopo kubwa la nyanya kwenye mlango wa nyuma wa jikoni usijifunge. Basi la watoto wa kule mabondeni huchelewa, na wakipita mbele husimamishwa foleni waandikiwe karatasi za kuchelewa, hadi wakimaliza kifungua kinywa kimeshaondolewa, na wengine wao hawajatia kitu mdomoni tangu nilipowapa chakula cha mchana jana yake. Basi wanapita kwangu, wanakula, wanakimbilia darasani.

Ijumaa mkaguzi wa bodi ya shule akaja bila taarifa kupima usalama wetu, akaingia kwa mlango huo, akatembea mpaka darasa la watoto wa miaka mitano, hakuna aliyemuuliza jina. Kendra alikuja jikoni. "Mama, dakika nne alikuwa mle ndani. Dakika nne! Na milango ya nyuma ni kazi ya Delmer. Jumanne bodi inamfukuza."

Delmer ndiye mtunza majengo wetu, mwaka wa kumi na tisa huu. Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Kula kwanza, mwanangu." Ndivyo nilivyosema! Naye Delmer, aliyekuwa akiliona kopo langu kila siku, akapita na ndoo yake akaninong'oneza, "Wanda, funga mdomo. Mimi ni mzee, nitakaa nyumbani nivue samaki. Wewe una binti wa kulinda."

Nikisema, wenye wivu watapata la kusema, kwamba mwalimu mkuu hamwezi hata mama yake. Nikinyamaza, Delmer anaondoka. Nifanyeje?

Wanda, wa jikoni

*

Wanda mpenzi,

Jibu hili nakutumia leo Jumapili kwa mkono wa mpwa wangu. Gazetini litatoka Alhamisi, kwa hiyo usije ukaniambia hukupata nafasi ya kutangulia kukiri.

Una moyo mkubwa, mama, na moyo huo umemfikisha mgeni kwa watoto wa miaka mitano. Safari hii alishika kalamu. Usinifanye niseme zaidi. Kuwalisha watoto si kosa. Kosa ni kuwalisha kwa siri, huku ukimpigia makofi binti yako ukumbini.

Nenda kwa Kendra leo hii, na usibebe sahani. Nawajua nyinyi wapishi, mkibanwa mnapakua. Mwambie, "Ni mimi," kisha unyamaze. Usitie "lakini." Atakasirika, mwache akasirike, binti yako aliogopa sana. Ukitoka hapo mpitie Delmer, umshukuru, umwambie zawadi yake huipokei.

Jumanne bodi humpa kila anayetaka kusema dakika tatu. Chukua zako. Ya kwanza, sema ulichofanya. Mbili zilizobaki, waambie kwa nini: hata waweke mlango wa chuma, maadamu nje yake yuko mtoto mwenye njaa, atatokea mtu mwema aufungue. Waombe mtu wa kusimama mlango wa mbele asubuhi, anayewajua wale wa mabondeni kwa majina, awaingize bila karatasi, na chakula kisiondolewe mpaka wa mwisho ale. Huenda wakakuonya. Huenda wakakutoa jikoni, na hilo litakuuma. Lakini watoto watakula, na mlango utafungwa.

Barua nzima umejisifia mwanao, na ni haki yako. Jumanne mpe naye mama wa kujisifia.

Maxine